Mwenye Kitabu ni Nani?

Mtu akiuza mbuzi wake sokoni, mbuzi humtoka mkononi, fedha humwingia mfukoni, na biashara imekwisha. Mnunuzi akimchinja au akimfuga, muuzaji hana neno tena. Kitabu hakina desturi nyepesi kama hiyo. Mtu akinunua kitabu dukani hununua karatasi, wino na jalada. Vitu hivyo ni mali yake, naye akitaka aweza kuvitia motoni. Lakini je, maneno yaliyomo ndani ni ya nani? Ni ya mtu aliyeyatunga? Ni ya mtu aliyetoa fedha zake ili yapigwe chapa? Au ni ya kila msomaji aliyeyasoma na kuyatia moyoni? Na mtu mwingine akiyapiga chapa maneno yaleyale, akayauza kwa bei nafuu hata maskini wakaweza kuyasoma, je, mtu huyo ni mwizi au ni mfadhili?

Swali hili liliwagombanisha watu wenye akili nyingi katika Uingereza na Uskoti kwa zaidi ya miaka 40 katika karne ya 18. Lilipita korti hata korti, mpaka likafika mbele ya Baraza la Malodi, lililokuwa juu ya mahakama zote za nchi hizo. Katika insha hii tutalitazama kwa njia ya maisha ya wauza vitabu wawili, Andrew Millar na Alexander Donaldson. Wote wawili walikuwa Waskoti. Wote wawili walikuwa na duka katika barabara moja ya London. Na wote wawili walitajirika kwa vitabu. Lakini katika shauri hili walisimama pande mbili, uso kwa uso.

Yafaa kwanza tujue muuza vitabu wa zama zile alikuwa mtu wa namna gani. Siku hizi kazi ya vitabu imegawanyika: kuna mwandishi, kuna kampuni inayochapisha, kuna kiwanda cha chapa, na kuna duka. Zamani hizo muuza vitabu alizishika nyingi za kazi hizo kwa mkono wake mmoja. Yeye ndiye aliyenunua mswada kwa mwandishi; yeye ndiye aliyenunua karatasi, ambayo ilikuwa ghali mno; yeye ndiye aliyempa mpiga chapa ujira wake; na kitabu kikidoda, hasara ilikuwa yake. Mwandishi aghalabu aliuza mswada wake mara moja tu kwa fedha taslimu, na tangu siku ile hakuwa na fungu katika faida, hata kama kitabu kingeuzwa kwa miaka mia.

Andrew Millar alizaliwa Uskoti mwaka 1705, naye alikuwa mtoto wa kasisi. Alijifunza kazi katika duka la vitabu, kisha akahamia London, na kabla hajatimiza umri wa miaka 30 alikuwa na duka lake mwenyewe katika barabara iitwayo Strand. Hakuwa msomi mkubwa, wala hakujidai usomi. Kipaji chake kilikuwa kuomba shauri kwa wasomi, na mkono wake haukuwa mzito katika kulipa. Mwaka 1749 alitoa kitabu cha Henry Fielding kiitwacho Tom Jones. Alikuwa amepatana na Fielding kumlipa pauni 600. Kitabu kilipouzika vizuri kupita matumaini, alimwongezea pauni 100 ambazo mkataba haukumlazimisha kuzitoa. Kadhalika alikuwa mmoja wa wauza vitabu waliotoa fedha ili Samuel Johnson aandike kamusi yake kubwa ya Kiingereza, iliyotoka mwaka 1755 baada ya kazi ya miaka mingi. Johnson, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu watu, alisema kwamba anamheshimu Millar kwa kuwa amepandisha bei ya kazi ya waandishi.

Miongoni mwa mali aliyoinunua Millar yalikuwamo mashairi marefu manne ya Mskoti mwenzake, James Thomson. Mashairi hayo yaliitwa kwa jumla The Seasons, yaani majira ya mwaka, nayo yalitoka kati ya mwaka 1726 na 1730. Watu waliyapenda sana, na vitabu viliuzwa mwaka hata mwaka. Thomson alifariki mwaka 1748. Mwaka 1762 Millar alitoa toleo zuri la kazi zake, na faida yake ikatumika kumjengea mshairi huyo ukumbusho katika kanisa la Westminster Abbey. Mtu wa namna hiyo si rahisi kumwita mnyonyaji, na ndiyo sababu shauri lake ni gumu. Kama angalikuwa mtu mbaya, tungalimhukumu upesi na tusingalijifunza neno.

Sasa tuje kwenye sheria. Mwaka 1710, wakati wa Malkia Anne, sheria ilianza kutumika iliyosema kwamba mwandishi, au mtu aliyenunua haki yake, ndiye peke yake atakayeweza kupiga chapa kitabu kipya kwa muda wa miaka 14. Miaka hiyo ikiisha, na mwandishi akiwa hai bado, ataongezewa miaka 14 mingine. Vitabu vya zamani vilivyokwisha kupigwa chapa vilipewa miaka 21 tu. Kwa hesabu hiyo, muda wa The Seasons ulikwisha kabla ya mwaka 1760, na muda wa Shakespeare na wa Milton ulikwisha mwaka 1731.

Lakini wauza vitabu wakubwa wa London hawakukubali hesabu hiyo. Walisema kwamba chini ya sheria iliyoandikwa iko haki nyingine ya asili, iliyo kongwe kuliko sheria yenyewe, nayo haina mwisho. Mtu akijenga nyumba, walisema, nyumba ni yake, kisha ni ya wanawe, kisha ni ya wajukuu wake. Mbona mtu aliyejenga kitabu kwa akili yake apokonywe baada ya miaka michache? Kwa imani hiyo waliendelea kuuziana wao kwa wao haki za vitabu vya watu waliokufa zamani, na kwa bei kubwa, kama watu wauzianao mashamba. Mwaka 1759 waliwaandikia wauzaji wa miji mingine wakiwaonya wasiuze vitabu vilivyopigwa chapa Uskoti. Atakayekaidi atapelekwa kortini.

Hapo ndipo Alexander Donaldson alipoingia. Alizaliwa Edinburgh mwaka 1727, na mwaka 1750 alianza biashara ya vitabu katika mji huo. Kazi yake kubwa ilikuwa kupiga chapa upya vitabu maarufu ambavyo, kwa maoni yake, muda wake wa sheria ulikuwa umekwisha. Aliviuza kwa bei ndogo, na wanunuzi walikuwa wengi. Hakutosheka na kuuza kwao Uskoti. Mwaka 1763 alifungua duka London, katika barabara ileile ya Strand, akatangaza kwamba atauza vitabu kwa bei iliyo chini ya bei ya kawaida ya mji ule kwa asilimia 30 mpaka 50. Wauza vitabu wa London walimshtaki mara kwa mara. Yeye naye mwaka 1764 alitoa kijitabu cha kutetea shauri lake, akatangaza hadharani zile barua za siri za mwaka 1759.

Mwaka 1763, Johnson alipokuwa mezani pamoja na rafiki zake, alimkasirikia sana Donaldson. Alikiri kwamba sheria ilitaja miaka michache tu. Lakini desturi ya biashara, alisema, ni kwamba anunuaye haki ya kitabu huinunua kwa milele, na watu wamelipa fedha zao kwa kuitegemea desturi hiyo. Mmoja wa waliokuwapo alijaribu kumtetea Donaldson, akasema kwamba pengine anauza rahisi ili wanafunzi maskini wapate kununua vitabu. Johnson akajibu kwamba, hata kama hiyo ndiyo nia yake, basi hamshindi Robin Hood, yule mnyang'anyi wa hadithi za Kiingereza aliyewaibia matajiri ili awape maskini.

Hili ni jibu kali, nalo lastahili kupimwa kwa uangalifu. Kuna ukweli ndani yake usiokanika. Nia njema haigeuzi wizi kuwa haki. Mtu akichukua kuku wa jirani akamlisha yatima, yatima atashiba, lakini kuku alikuwa wa jirani, na yatima mwenyewe akipata akili ataona haya kwa shibe ile. Tena liko neno jingine dhidi ya Donaldson. Yeye hakumlipa mshairi yeyote amtungie The Seasons. Hakuthubutu fedha zake juu ya kitabu ambacho hapana ajuaye kama kitapendwa. Alingoja wengine walime, wapande na kupalilia; kisha akachagua mashamba yaliyostawi tu, akaingia na kikapu chake. Na kama angesema kwamba alifanya hivyo kwa huruma, tungemwonyesha utajiri alioupata.

Lakini jibu la Johnson lina shimo katikati. Limekwisha kukubali, kabla ya kuthibitisha, kwamba kitu kilichochukuliwa kilikuwa na mwenyewe. Robin Hood alikuwa mnyang'anyi kwa sababu mikoba aliyoipora ilikuwa na wenyewe. Kama ule mkoba ungalikuwa umeachwa kwa watu wote, na tajiri ameukalia tu, basi anayeuondoa chini yake hakuiba. Kwa hiyo hatuwezi kumhukumu Donaldson mpaka tujue kwanza mwenye kitabu ni nani.

Tufikiri basi. Mtunzi hutunga kwa nini? Hutunga kwa lugha ambayo hakuiumba yeye. Maneno aliyarithi kwa mama yake. Methali alizisikia kwa wazee. Visa vingi alivipata kwa watunzi waliomtangulia, nao walivipata kwa wengine. Mtunzi ni kama mtu atekaye maji katika kisima cha kijiji, akayapika, akayatia viungo, akayafanya kinywaji kitamu. Kazi yake ni yake kweli, na mtu asimnyang'anye ujira wake. Lakini maji yalikuwa ya kisima. Hawezi kusema kwamba, kwa kuwa amepika, kijiji kisimdai chochote milele.

Kwa sababu hiyo sheria ya 1710 ilikuwa mapatano ya haki. Watu walimwambia mtunzi na mchapaji wake: Fanyeni kazi, nasi tutalinda mlango wenu kwa miaka hii, yeyote atakayeingia kabla ya muda tutamwadhibu. Muda ukiisha, mlango utafunguliwa, na kitabu kitarudi kwa watu wote. Pande zote mbili zilipata kitu. Sasa mtazame muuza vitabu wa London. Alipokea ulinzi wa miaka yote aliyoahidiwa. Kisha, siku ya kufungua mlango ilipofika, alisimama mbele yake akasema kwamba mlango hautafunguliwa kamwe. Je, kati ya mtu huyo na yule aliyekuja na kikapu baada ya muda, ni nani aliyetaka kula haki ya mwingine?

Tena yatupasa kuangalia jina la nani lilitumiwa katika ugomvi huu. Wauza vitabu wa London walisema sana juu ya haki ya mwandishi. Lakini Thomson alikuwa kaburini. Alikwisha kulipwa siku alipouza, na bei ya kitabu ikipanda au ikishuka, hapana senti iliyomfikia yeye wala jamaa zake. Mara nyingi mwenye nguvu hutetea faida yake kwa jina la mnyonge, na msikilizaji mwema hudanganyika kwa kuwa jina hilo ni tukufu. Wewe kijana msomaji, usikiapo mtu akidai kitu kwa niaba ya mwingine, uliza kwanza faida itamfikia nani.

Kwa upande wa pili, tusidhani kwamba shauri la Donaldson ni bovu kwa kuwa lilimtajirisha. Tumesema kwamba nia njema haigeuzi wizi kuwa haki. Vivyo hivyo, tamaa haigeuzi haki kuwa wizi. Mwuguzi anayeuguza kwa ajili ya mshahara ameuguza kweli, na mgonjwa amepona kweli. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Shauri lilikwendaje kortini? Millar alimshtaki mtu mmoja aitwaye Robert Taylor, aliyepiga chapa The Seasons bila ruhusa yake. Mwaka 1769 korti kuu ya London, chini ya Lodi Mansfield, iliamua kwamba haki ya milele iko. Kwa hiyo Millar alishinda, lakini hakuufurahia ushindi wake. Alikuwa amefariki mwaka 1768. Mwaka huohuo wa 1769 haki ya mashairi yale iliuzwa kwa pauni 505, na mmoja wa walionunua alikuwa Thomas Becket. Donaldson naye alikuwa ameyapiga chapa mashairi hayo, na mwaka 1772 Becket na wenzake wakapata amri ya korti ya kumzuia.

Lakini Uskoti kulikuwa na majaji wengine na sheria nyingine. Mwaka 1773 korti kuu ya Edinburgh ilisikiliza kesi nyingine juu ya Donaldson, iliyohusu kitabu cha historia ya Biblia, ikampa haki Donaldson. Majaji 11 walikuwa upande wake na mmoja tu alimpinga. Basi tendo moja lilikuwa kosa London, na halali Edinburgh. Ilikuwa lazima neno la mwisho lisemwe. Donaldson alipeleka rufani mbele ya Baraza la Malodi, na tarehe 22 Februari 1774 Baraza liliamua kwamba muda uliowekwa na sheria ukiisha, haki ya mwenye kitabu imekwisha. Majaji walioulizwa maoni yao walikuwa wamegawanyika sana. Lodi Camden alisema kwa ukali dhidi ya haki ya milele. Lodi Mansfield, aliyeikubali miaka mitano nyuma, alinyamaza kimya.

Camden alidai kwamba watu wenye akili kubwa hawaandiki kwa ajili ya fedha bali kwa ajili ya sifa, akamtaja Milton, aliyeuza utenzi wake mkubwa kwa pauni 5. Hapo sikubaliani naye, ingawa hukumu yake naikubali. Sifa haimlishi mtoto wala hailipi kodi ya nyumba. Kwamba Milton alilipwa kidogo ni aibu ya walionunua. Haiwezi kuwa kanuni ya kuwalipa wengine. Millar, aliyeongeza pauni 100 bila kudaiwa, aliijua haki ya mtunzi kuliko Camden aliyeshinda kwa maneno matamu.

Wauza vitabu wa London walilia kwamba wameangamia. Lakini tazama yaliyotokea. Mwaka 1777 mtu aitwaye John Bell alianza kutoa mashairi ya Kiingereza katika vitabu vidogo vya bei nafuu, hata vikafika 109. Wauza vitabu wakubwa, walipoona kwamba hawawezi tena kumzuia mtu kwa korti, walilazimika kumshinda kwa uzuri wa kazi. Walimwendea Johnson wakamwomba aandike maisha ya washairi ili yatangulie mashairi katika toleo lao. Na kazi hiyo, iliyotoka kati ya 1779 na 1781, ni mojawapo ya vitabu vyake bora. Mlango uliofunguliwa ulileta kitabu kipya. Donaldson mwenyewe alifariki mwaka 1794. Mwanawe James, aliyefariki mwaka 1830, aliacha wasia kwamba mali yake, iliyozidi pauni 200,000, itumike kuwalea na kuwasomesha watoto maskini. Wasia huo hauthibitishi kwamba baba alikuwa na haki, kwa maana sadaka haisafishi mali ya wizi. Haki ya baba ilithibitishwa na hoja.

Na Johnson je? Mzee yule alifikiri tena. Mwaka 1773 alisema kwamba mtunzi ana haki kubwa juu ya kazi yake, lakini kama haki hiyo ingekuwa ya milele, elimu ingedhurika; kwa hiyo mtunzi apewe ujira wa kutosha kwa miaka mingi ya kutosha, kisha kitabu kiwe cha umma. Aliyemfananisha Donaldson na Robin Hood alifika karibu kabisa na mahali Donaldson aliposimama. Si aibu kwa mtu mwenye akili kubadili neno lake. Aibu ni kuona ukweli na kuupa kisogo.

Sheria ya Kenya juu ya hakimiliki imetoka katika ukoo huohuo wa sheria. Tangu mwaka 1966 nchi yetu ina sheria yake yenyewe, na ile inayotumika sasa ni ya mwaka 2001. Kitabu hulindwa maisha yote ya mtunzi, na miaka 50 baada ya mwaka wa kufa kwake. Kwa hiyo swali la Donaldson limo ndani ya mikoba yenu ya shule. Mwanafunzi akitoa kwa mashine nakala ya kitabu kizima cha mwandishi aliye hai, akawauzia wenzake kwa nusu ya bei, atasema kwamba anawasaidia maskini. Huyo asijifiche nyuma ya Donaldson. Donaldson alisimama kortini na kusema kwamba muda umekwisha. Mwanafunzi huyu amevunja mlango wakati mlinzi angali zamu, na ndani yumo mtu anayengoja ujira wake. Dawa ya umaskini wa wasomaji ni maktaba, ni shule kununua vitabu kwa pamoja, ni wachapaji kuweka bei ambayo mzazi wa kawaida aweza kuilipa. Mwandishi mmoja hawezi kubebeshwa mzigo ambao ni wa taifa zima.

Basi mwenye kitabu ni nani? Nadhani jibu ni kwamba kitabu kina wenyewe wawili, na kila mmoja ana zamu yake. Zamu ya kwanza ni ya aliyefanya kazi, na anayemwingilia humwibia. Zamu ya pili ni ya watu wote, na anayeizuia huwaibia watu wote. Haki ya kwanza isipoheshimiwa, hapana atakayeandika. Ya pili isipoheshimiwa, watakaosoma ni wachache. Siku moja huenda wewe usomaye maneno haya ukawa mtunzi, na kitabu chako kikapendwa. Siku hiyo dai ujira wako bila haya, mpaka senti ya mwisho. Lakini kumbuka kisima ulikoteka maji, wala usiombe kifunikwe baada yako.